Kabla Hujampeleka Mwanao Seminari

Mbaazi zikianza kukauka shambani na mtihani wa darasa la saba ukiwa umepita, wazazi wa Bonga wenye watoto wa kiume huanza kuulizana: huyu aende shule ya kata, au tumpeleke kwa mapadre? Swali huulizwa baada ya Misa, huulizwa kwenye jumuiya, huulizwa mnadani, na mara nyingi hujibiwa haraka mno. Mmoja anataja shule inayofaulisha, mwingine anataja shule yenye nidhamu, wa tatu anasema kijana wa fulani alitoka huko na sasa ni daktari Dar es Salaam. Jambo limekwisha. Januari kijana ananunuliwa tranka na godoro.

Naomba tulitazame taratibu zaidi. Nasema na mzazi wa Bonga, wa Babati mjini, na wa vijiji vinavyofuata barabara ya Kondoa, anayefikiria shule ya Kikatoliki ya wavulana kwa ajili ya mwanawe. Mimi naziamini shule hizi. Kijana anayelala akiwa amesali, anayeamka saa kumi na moja bila kusukumwa, anayejua kukaa kimya na kitabu kwa saa mbili, amepewa kitu ambacho hakuna atakayemnyang'anya. Kwa kuwa naziamini, nataka zichaguliwe na mzazi aliyeuliza maswali, tena maswali magumu.

La kwanza: seminari na sekondari ya Kanisa ni nyumba mbili tofauti. Seminari ndogo inaongozwa na gombera, na ilianzishwa ili kulea vijana ambao huenda siku moja wakawa mapadre. Kwetu Manyara inayojulikana zaidi ni Sanu, kule Mbulu, seminari ya Jimbo Katoliki la Mbulu. Kutoka Bonga unaingia Babati, unapanda ukingo wa bonde la ufa kupitia Dareda, unapita Dongobesh, na huko juu mwezi wa sita na wa saba sweta si pambo. Mlango wa seminari upo parokiani kwako. Paroko ndiye anayeandika barua ya kumtambulisha kijana, cheti cha ubatizo kinatakiwa, kisha kuna usaili. Sekondari ya Kanisa ya wavulana, mfano Marian Boys ya Bagamoyo, ni shule ya kawaida yenye malezi ya Kikatoliki. Hiyo humpokea kijana anayefaulu usaili wake na ambaye wazazi wake wanaimudu ada, bila kumuuliza kama ana wito.

Tofauti hii ina uzito, kwa sababu kuna tabia imeota mizizi na inanisikitisha. Mzazi anaona seminari inafaulisha, anaona ada yake ni nafuu kuliko ya shule nyingi za binafsi, basi anamkalisha mtoto wa miaka kumi na mitatu na kumfundisha jibu: "Ukiulizwa, sema unataka kuwa padre." Mtoto anakwenda mbele ya mapadre na kusema asichokimaanisha, na baba yake akiwa amekaa nje kwenye benchi anasubiri. Somo la kwanza la dini alilopewa kijana huyo na wazazi wake ni kwamba kwa Mungu huingiwa kwa uongo. Atakuwa na miaka minne, labda sita, ya kuuishi uongo huo kila anapopiga magoti.

Na uongo huo hauhitajiki hata kidogo. Walezi wa seminari wanajua kwamba wengi wa vijana wanaoingia kidato cha kwanza hawatafika kwenye altare. John Magufuli alisoma Seminari ya Katoke, Biharamulo, miaka ya sabini, akaondoka kwenda kumalizia masomo Mwanza. Benjamin Mkapa alipitia Seminari ya Kigonsera kabla ya kusoma Ndanda na Pugu. Wote wawili wakawa marais wa nchi hii. Kijana akisema mbele ya gombera, "Bado sijui, ila niko tayari kuangalia kama Mungu ananiita," amesema jibu zuri kuliko yote, kwa sababu ni la kweli. Kama hataki kabisa hata kuangalia, usimpeleke seminari. Mtafutie sekondari ya Kanisa, au mwache asome shule ya kata na wewe umlee kwa bidii zaidi nyumbani. Nafasi ile ina kijana wake, pengine yuko kigango cha jirani na hajui ataipata wapi nauli.

Jina kubwa la seminari lina historia fupi inayofaa kujulikana. Kabla ya sheria ya elimu ya mwaka 1969, Kanisa lilikuwa na shule maarufu za wavulana. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifundisha St. Mary's Tabora kuanzia 1946, na aliporudi kutoka Edinburgh alifundisha St. Francis Pugu hadi mwaka 1955, alipoacha kazi kwa ajili ya TANU. Ni Mkatoliki huyo huyo ambaye serikali yake ilizitaifisha shule hizo ili zisibague watoto kwa dini. Pugu ikawa ya serikali. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa, na kwa miaka mingi, mpaka sekondari za taasisi za dini zilipoanza kuongezeka tena, ndizo zilizobaki kuwa kipimo cha watu wanaposema "shule ya mapadre". Zilikuwa chache, zilichuja sana, zilipata vijana wenye akili kutoka kila parokia. Mwalimu mwenye darasa la namna hiyo ana nafasi ya kufaulisha hata kabla hajaandika ubaoni. Kwa hiyo unapoyatazama matokeo mazuri, jiulize ni kiasi gani kimetokana na mafundisho na ni kiasi gani kimetokana na mchujo.

Hapa nafika kwenye jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine yote katika makala haya. Imani ya shule ipime kwa kijana wake wa mwisho darasani. Kijana wa kwanza atatunzwa na shule yoyote duniani, maana analeta sifa. Ukitaka kujua kama msalaba uliotundikwa juu ya ubao una maana, uliza kinachompata yule aliyepata alama ishirini na tano za hisabati.

Kuna shule, na baadhi zina majina ya watakatifu, ambazo zina kitu kinachoitwa wastani. Kijana asiyefika wastani kidato cha pili hurudishwa darasa, huhamishwa kwa maneno laini, au hukataliwa kuandikishwa mtihani wa kidato cha nne ili asishushe jina la shule. Serikali imekemea jambo hili mara kwa mara. Mimi naliona zito zaidi ya uvunjaji wa maelekezo ya wizara. Katika Injili mchungaji aliacha tisini na tisa akamfuata mmoja. Shule inayomfukuza mmoja ili tisini na tisa waonekane vizuri imeigeuza habari ile juu chini, na hakuna idadi ya rozari inayoweza kuziba pengo hilo.

Jinsi ya kujua ni rahisi, na unaweza kuanza bila kumuuliza mtu wa shule. Tangu Januari 2023 Baraza la Mitihani halitangazi tena orodha ya shule kumi bora, na naona walifanya vizuri. Lakini matokeo ya kila shule yapo kwenye tovuti ya NECTA, na kijana yeyote mwenye simu pale Babati stendi atakusaidia kuyafungua. Chukua upimaji wa kidato cha pili wa mwaka fulani, hesabu waliofanya. Kisha chukua matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyo hiyo miaka miwili baadaye, hesabu tena. Kama kidato cha pili walikuwa 90 na kidato cha nne wako 61, nenda ukamuulize mkuu wa shule, kwa heshima: wale 29 walikwenda wapi? Anaweza kuwa na majibu mazuri. Wengine huhama na wazazi, wengine hugundua hawana wito, wengine ada huwashinda. Sikiliza tu anavyojibu. Mkuu anayewakumbuka, anayeweza kusema huyu tulimwombea nafasi shule fulani, yule tulikaa na baba yake mara tatu, huyo ni mlezi. Mkuu anayekasirika kwa kuulizwa, rudi nyumbani na ufikirie upya.

Ukifika shuleni, usiishie ofisini wala kanisani. Kanisa la shule hupendeza siku zote. Omba kuona bweni, jiko na choo, kwa mpangilio huo. Na bwenini usitazame mpangilio wa shuka, tazama milango. Septemba 2020 moto uliua wavulana 10 bwenini katika Shule ya Msingi Byamungu, Kyerwa mkoani Kagera. Septemba 2024 uliua wavulana 21 katika shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya. Bweni moja linatakiwa liwe na njia ya kutokea zaidi ya moja, na ufunguo wa usiku ukae kwa mtu anayelala hapo hapo. Dirisha lenye nondo zisizofunguka ni hatari hata kama lilijengwa kuzuia wezi. Uliza nani analala karibu na watoto, na usiku kijana akiugua nani anaamshwa, na gari liko wapi.

Uliza pia kuhusu fimbo. Wazazi wengi wa kwetu wanaona aibu kuuliza, kana kwamba wanaomba mtoto adekezwe. Kanuni za nchi ziko wazi: kiboko ni cha mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, viboko visizidi vinne, na lazima viandikwe kwenye daftari. Omba kuambiwa daftari hilo linakaa wapi. Shule ambayo kila mwalimu na kila kiranja anatembea na fimbo yake inavunja kanuni, na kijana anayepigwa na kiranja leo atakuwa kiranja anayepiga kesho. Hiyo si nidhamu ya Kikristo. Nidhamu ya kweli utaiona kwa jambo dogo: mwalimu akiondoka darasani, je, vijana wanaendelea kusoma?

Kuna jambo jingine ambalo tunalikwepa kwa sababu linauma. Mtoto wa kiume naye huharibiwa. Huharibiwa na wakubwa zake bwenini, na wakati mwingine na mtu mzima aliyeaminiwa, hata aliyevaa mavazi ya kuheshimiwa. Kabla hajaondoka nyumbani, baba au mjomba akae naye na amweleze kwa lugha ya wazi kwamba mwili wake ni wake, kwamba hakuna siri ya namna hiyo anayopaswa kumtunzia mtu yeyote, na kwamba akisema hatapigwa wala hataitwa mwongo. Aihifadhi namba yako kichwani. Aijue namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, inayopigwa bure. Na umuulize mkuu wa shule swali hili: kijana akitaka kumlalamikia mlezi wake mwenyewe, anamwendea nani? Shule nzuri ina jibu tayari.

Upande wa masomo nitasema machache. Kama lengo lako ni chuo kikuu, angalia maabara zinatumika au zimefungwa, na angalia kama shule ina kidato cha tano na tahasusi zipi. Seminari nyingine zina tahasusi chache tu, za sanaa na lugha zaidi, nyingine zina sayansi nzuri sana. Kijana anayependa fizikia asiende mahali ambapo fizikia haina mwalimu, hata kama gombera ni mtu mtakatifu. Na mwenye mtoto aliyekuwa darasa la tatu mwaka 2024 ajue kwamba watoto hao, wa mtaala mpya, watamaliza msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, pamoja na wenzao wa darasa la saba. Nafasi za kidato cha kwanza Januari 2028 zitagombewa na makundi mawili. Anayetaka seminari mwaka huo aanze kuzungumza na paroko mapema, na ajue pia kwamba mtoto wake wa darasa la sita atakuwa mdogo kwa mwaka mzima kuliko kaka zake walivyokuwa walipolala bwenini mara ya kwanza.

Sasa fedha. Hapa Bonga ada inatoka shambani, na shamba lina kalenda yake. Mahindi huvunwa katikati ya mwaka, mbaazi zilizopandwa nayo hufuata baadaye, na fedha ya mbaazi ikiingia kabla ya Krismasi hukuta harusi, kipaimara, na deni la mbolea. Januari inafika mfuko ukiwa mtupu, na ndipo ng'ombe anauzwa kwa bei ya mtu mwenye shida. Ushauri wangu ni kwamba ada ilipwe siku mbaazi zinapouzwa. Uliza shule kama inapokea malipo ya awali benki; nyingi zinapokea kwa furaha. Mwandikie mhasibu barua, mweleze kwamba wewe ni mkulima, kwamba sehemu kubwa utalipa baada ya mavuno na iliyobaki kwa tarehe fulani. Weka sahihi, omba naye aweke yake. Barua hiyo humwokoa kijana asirudishwe nyumbani katikati ya muhula kufuata ada. Lipa benki tu, tunza kila risiti, na usimpe fedha taslimu mwalimu yeyote hata akiwa mtoto wa dada yako.

Usiweke pia hesabu ya miaka minne juu ya zao moja. Wakulima wa Babati wanaikumbuka Agosti 2017, India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake na bei huku kwetu ikaanguka vibaya. Mwaka huo waliokuwa na alizeti, mbuzi au kuku walisomesha. Waliokuwa na mbaazi peke yake walihangaika. Kabla ya kusaini fomu, jumlisha yote: ada, sare, godoro, ndoo, jembe, rimu za karatasi, nauli za kwenda na kurudi kila likizo, matibabu, michango ya mitihani. Elimu ya shule ya serikali haina ada tangu 2016 hadi kidato cha nne, na tangu 2022 hadi kidato cha sita, hivyo unachokilinganisha ni mzigo wote dhidi ya karibu bure. Barabara ya lami ya kutoka Dodoma, iliyozinduliwa Aprili 2018 na ambayo kipande chake kimoja ni kile cha kutoka Mela hadi hapa Bonga, imeleta shule za Dodoma karibu. Seminari ya Bihawana sasa ni safari ya nusu siku. Lakini nauli bado ni nauli.

Na hili nalisema kwa nguvu zangu zote: ada ya kijana isilipwe na masomo ya dada yake. Nimeona familia zinazojisifu kanisani kwamba zina mseminari, huku binti aliyefaulu vizuri kuliko kaka yake akikaa nyumbani kwa sababu fedha zimekwisha, na mwaka unaofuata anaolewa. Kama kipato chako kinatosha kijana mmoja shule ya kulipia na binti asome kwa shida, basi wote wawili wasome shule ya kata, na fedha hiyo inunue taa ya sola, vitabu, na masomo ya ziada kwa wote wawili. Mungu hatakudai mseminari aliyepatikana kwa bei hiyo.

Kuna wazazi Waislamu na Walutheri watakaosoma haya, maana Bonga Mgorowa, Mwiraqw na Mrangi wanakaa mtaa mmoja, na kengele na adhana vinasikika kwa majirani wale wale. Sekondari ya Kanisa inaweza kumfaa mwanao. Uliza waziwazi kabla ya kulipa: atalazimika kuhudhuria Misa au atakuwa na kipindi chake? Ramadhani daku ataipata wapi? Ijumaa ataruhusiwa kwenda kuswali? Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa kuabudu, lakini uhuru huo unahitaji mkuu wa shule anayeuheshimu saa kumi usiku jikoni. Omba jibu kwa maandishi. Nimewafahamu vijana Waislamu waliotoka shule za Kikatoliki wakiwa wanasali swala tano kwa uthabiti zaidi, kwa sababu waliishi mahali ambapo kusali hakuchekwi.

Miezi kati ya mtihani wa Septemba na kuripoti Januari ni ya thamani, na wengi wetu tunaipoteza. Kijana anatoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, anaingia darasa ambalo biolojia na hesabu viko kwa Kiingereza. Kuchunga ng'ombe asiache, lakini awe na kitabu mfukoni. Asome kila siku ukurasa mmoja wa Kiingereza kwa sauti, aandike maneno mapya, awasimulie wadogo zake kwa Kiswahili alichosoma. Kwa wengi hilo litafaa kuliko kozi ya gharama mjini. Afundishwe pia kufua, kushona kifungo, kupiga deki, kuosha sufuria, kutunza shilingi elfu tano kwa wiki tatu. Ukimpeleka bwenini kijana ambaye dada zake wamemfulia maisha yake yote, miezi ya kwanza atalia kwa mambo ambayo mama angemfundisha kwa siku chache.

Na sala? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 kuhusu elimu ya Kikristo, ulisema wazi kwamba walezi wa kwanza wa mtoto ni wazazi. Shule inasaidia. Kijana ambaye hajawahi kumwona baba yake akipiga magoti ataichukua sala ya bwenini kama kengele nyingine tu ya ratiba, na siku atakapomaliza kidato cha sita ataiacha hapo pamoja na sare. Kwa hiyo baba wa Bonga, wewe ambaye jumuiya unamwachia mama na wenzake wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, ukitaka shule ya mapadre ikulelee mwana, anza kwenda jumuiya wewe mwenyewe, angalau mwaka mmoja kabla. Wala usimpeleke huko kwa sababu amekushinda. Kijana mtukutu anayepelekwa seminari ili anyooshwe huwaumiza wenzake na huumia mwenyewe. Kwanza kaa naye chini, jua kinachomsumbua, ndipo mzungumze shule.

Akishakuwa huko, usimwachie shule. Siku ya kutembelea wanafunzi nenda, hata kama huna cha kubeba zaidi ya karanga na ndizi. Ongea na mwalimu wa darasa kabla ya kuongea na gombera. Uliza kama yuko TYCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, kama anaimba kwaya, kama ana rafiki. Kijana wa bweni asiye na rafiki ana tatizo ambalo ripoti ya mitihani haitalionyesha. Likizo ya Juni akirudi, usimfanye mgeni. Apewe jembe kama wengine, aende Misa kigangoni, asome somo akipangiwa na katekista, na apate jioni mbili tatu za kuongea na baba yake bila habari ya alama.

Inawezekana kidato cha pili au cha tatu akakwambia hataki kuendelea, au seminari ikakuandikia kwamba hawaoni wito. Usimfokee, wala usikimbilie kwa paroko kubembeleza. Nenda mwenyewe kumchukua, na uondoke na karatasi zote siku hiyo hiyo: barua ya uhamisho, namba yake ya usajili wa mwanafunzi (PREM), matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, ripoti za mihula, na uthibitisho kwamba hadaiwi. Anza kutafuta shule mpya kabla usajili wa mtihani wa kidato cha nne haujafungwa, kwa sababu ukishafungwa mwaka umepotea. Mwombe gombera barua ya tabia. Walezi wema huiandika kwa moyo. Kisha ukifika nyumbani, waambie ndugu na majirani wewe wa kwanza, kabla hawajauliza, kwamba kijana amerudi kusoma hapa, kwamba alikwenda kumtafuta Mungu na jibu alilopewa ni hili, na kwamba Jumatatu anaanza shule.